Mbeleko Yenye Nafasi ya Kukua

Siku ya kumi na moja baada ya kujifungua, Fundi alisukumwa kwenye kiti cha magurudumu mpaka chumba cha watoto njiti, na mtu wa kwanza kumsemesha alimwambia arudi jioni, saa ya kutazama wagonjwa.

Aliyesema hivyo alikuwa muuguzi wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kina mama wa chumba kile walimwita Sista wa Mizani, kwa kuwa ndiye aliyewapima watoto kila asubuhi, na uso wake ndio uliowaambia mapema kama siku itakuwa nzuri au mbaya. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ametupa jicho kitanda namba tano akaona mtoto yupo, mama yupo, kila kitu kiko mahali pake. Basi huyu aliyevimba uso atakuwa nani kama si ndugu aliyekuja kusalimia?

"Mimi ndiye mama yake," Fundi alisema.

Sista alimtazama, akatazama kitandani, akafungua daftari lake, kisha akampisha. "Basi karibu, mama. Tusamehe, huku tumeshazoea kumwita yule."

Yule alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, mwanamke mpana aliyeegemea mito miwili, blauzi wazi. Katikati ya kifua chake, ndani ya kitambaa cha gauni kuukuu kilichomzunguka mara mbili, kilitokeza kichwa kidogo chenye kofia ya sufu. Kichwa hakikuzidi chungwa kubwa. Mtoto alikuwa amelala, shavu limegandamana na ngozi ya shangazi yake, mdomo wazi, kama mtu aliyefika nyumbani baada ya safari ndefu. Fundi alikuwa amemwona kwenye picha ya simu tu. Njia nzima alijiandaa kulia kwa furaha, na machozi yalikuja kweli, lakini yalikuja ya moto, na alijua mwenyewe yametoka wapi.

Wifi aliitwa Tanuri. Jina hilo alilipata kwenye kiwanda cha mikate, alikofanya kazi miaka kumi na minne akichomoa trei motoni, na lilimkaa kwa sababu mwili wake wenyewe ulikuwa wa moto. Msimu wa baridi, watu wamejikunyata kwa masweta, yeye alitembea mikono nje. Wenzake walimtania kwamba akikaa karibu na unga uliokandwa, unaumuka kabla ya saa yake. Hakuwa amejaliwa mtoto, na kwa miaka mingi hakuna aliyelitaja jambo hilo mbele yake, maana alikuwa na ulimi wa kukufanya ucheke kwanza na kuumia baadaye.

Fundi naye alikuwa mwembamba, mpole, mwenye vidole vya baridi mwaka mzima. Alimaliza darasa la saba, akakaa nyuma ya cherehani na hajaondoka. Kazi yake ilikuwa sare za shule. Shati, kaptura, sketi za marinda. Angeweza kumkadiria mtoto kwa macho akipita barabarani, mabega hadi kiuno, na asikosee kwa nusu inchi.

Na ni sare ndizo zilizomfunga. Mimba iliingia mwezi wa saba msimu wa kufungua shule, wakati wazazi wanapanga foleni mlangoni na kila mmoja anataka nguo ya jana. Miguu ilianza kuvimba. Akafungua kamba za viatu, kisha akavua viatu kabisa, akawa anakanyaga pedali kwa miguu mitupu. Kichwa kikamgonga, akakifunga kwa kitambaa. Vimulimuli vikaanza kucheza mbele ya macho, vinametameta kama mkasi juani, akasema ni uzi mweusi juu ya kitambaa cha buluu iliyoiva, nani asingeumwa macho. Tarehe mbili za kliniki zilipita akiwa amezungukwa na kola. Siku ya kushona vifungo alishikwa na maumivu chini ya mbavu, akatapika juu ya sketi ya mtu, na jirani wa duka la simu akamkimbiza hospitali.

Huko hawakumwuliza mengi. Presha ilikuwa imepanda kupita kiasi, mkojo umechafuka, na daktari akamwambia kwa sauti ya chini kwamba kama wanataka kuwa na mama na mtoto, mtoto inabidi atoke leo. Wiki thelathini na moja. Alitolewa kwa upasuaji, kilo moja na gramu mia tatu, akapelekwa kwenye sanduku la joto. Fundi akabaki jengo la pili na presha isiyotaka kushuka, kisha kidonda kikaingia uchafu. Mumewe alikuwa dereva wa lori la masafa, yupo njiani na mzigo, kurudi ni wiki nne. Mama mkwe magoti yalimsumbua, ngazi hazipandi. Mtoto alipotolewa kwenye sanduku, wauguzi wakauliza nani atambeba kifuani, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku, maana hivyo ndivyo njiti wanavyokuzwa pale. Tanuri akaomba ruhusa kazini, akaja na ndala zake.

Siku zote hizo Fundi alikuwa akikamua maziwa kwenye kikombe, muuguzi anayapeleka. Maziwa yake yalimjua mtoto kabla yeye hajamjua.

Kitandani kwake jengo la pili, watu walikuja na sababu zao. Mama mkwe alituma salamu kwamba ni cherehani: miguu inayokanyaga kutwa nzima inamfungulia mtoto njia. Jirani wa duka la simu alikumbuka mzazi mmoja aliyemfokea Fundi kuhusu zipu, akasema ni ule mshtuko. Mwingine akasema ndoo za maji. Mumewe hakusema ni nini. Aliuliza swali moja tu kwenye simu, injini ikinguruma nyuma yake: "Lakini kliniki ulikuwa unaenda?" Swali hilo lilimkwama Fundi kama mfupa wa samaki.

Daktari, dada mdogo mdogo aliyekuwa na tabia ya kukaa kwenye ukingo wa kitanda, alimkuta akilia na akamweleza. Alisema watoto wengine hutangulia bila mtu kujua kwa nini, hata madaktari wakubwa wachunguze vipi. Wengine ni pacha, tumbo linajaa kabla ya siku zake. Wengine ni maambukizi ya njia ya mkojo yaliyoachwa bila dawa, au mimba zilizofuatana bila mwili kupumua, au mlango wa kizazi usioshika sawasawa, au mama bado ni mtoto mwenyewe, au sigara. Wapo waliojifungua njiti mara ya kwanza na mwili ukarudia. Wewe, alisema, ni presha ya ujauzito.

"Kwa hiyo ni kliniki," Fundi alisema.

"Kliniki ingetuonyesha mapema. Tungekupa dawa, labda tungesogeza siku mbele. Lakini presha yenyewe hukuipika wewe, na pedali haina kesi."

Ilikuwa habari njema zaidi ya nusu, lakini Fundi alichukua neno moja tu katika yote, lile "labda", akalala nalo. Alipofika kitanda namba tano na kumwona Tanuri na mtoto, hesabu ilijipanga yenyewe kichwani mwake. Mwili wangu ulimtimua. Wa wifi umempangisha.

Wakaanza kupokezana. Sista wa Mizani alimfundisha Fundi kama alivyofundisha wote: mtoto asimame wima kati ya matiti, miguu imekunjwa kama chura, kichwa kimegeuzwa upande, mbeleko ibane mpaka chini ya sikio. Mtoto akawekwa. Alikuwa mwepesi kama kifurushi cha vifungo, na moyo wake ulimdunda Fundi kwenye mfupa wa kifua kama sindano ya mashine inayokimbia. Kwa dakika chache hakumwonea mtu yeyote wivu duniani.

Kisha mtoto akaanza kuhangaika. Akakunja uso, akanyoosha mkono, akalia kile kilio chao cha paka mchanga. Kipimajoto kilipowekwa kwapani kikasoma pungufu kidogo. Si pungufu ya kutisha, Sista alisema, mama mwenyewe katoka kuugua, damu bado nyepesi. Lakini Tanuri alikuwa ameshafungua blauzi.

"Nipe huyo mpangaji wangu," alisema. "Amezoea nyumba yenye umeme."

Chumba kikacheka. Mama Pacha wa kitanda namba sita, mwenye njiti wawili kifuani kama mifuko miwili ya shati, alicheka mpaka akawaamsha. Fundi naye akacheka, kwa meno.

Kuanzia hapo alianza kuona kila kitu. Aliona Tanuri anajua kwikwi ya kawaida na kwikwi ya njaa, na kwamba zina tofauti. Aliona mtoto akisikia sauti ya shangazi anatulia hata kabla ya kuguswa. Asubuhi, mizani ikisoma gramu ishirini zaidi, Sista alimgeukia nani? Alimgeukia Tanuri. Na mtoto aliporudi kifuani mwa Fundi alikuja na harufu, hamira na mafuta ya nywele, kama mume aliyerudi na marashi ya watu. Fundi alimpangusa kichwa kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu. Harufu ikarudi. Ilikuwa kwenye ile mbeleko, kitambaa cha gauni la zamani la Tanuri lililovutika kwa kuvaliwa.

Akasema moyoni, mimi ni fundi, na mwanangu anavaa tambara la mtu mwingine.

Alimwomba jirani wa duka la simu amletee kitambaa kizuri cha pamba, rangi ya maziwa, na mkasi na sindano. Akakishona kwa mkono siku mbili, wakati wa zamu za Tanuri, uso ameuelekeza ukutani. Kazi ilikuwa safi. Alitia mikanda mipana ya kufungia mgongoni, akakunja pindo mara mbili, akatengeneza kimfuko cha mbele cha kumkalisha mtoto, hata vifungo vinne vidogo. Na kama alivyofanya kwa kila mtoto aliyemshonea maisha yake yote, alimwachia nafasi ya kukua. Mkono wake haukujua kukata vingine. Sare isiyo na nafasi ya kukua, mzazi anairudisha.

Zamu ya Tanuri ilipofika, Fundi alimpa ile mpya. Ile ya zamani, alisema, ameiloweka.

Tanuri aliigeuza geuza, akaisifia pindo. Kisha akampachika mtoto, akafunga, akatia vidole viwili ndani, kisha mkono mzima. "Wifi, humu tunaingia watatu," alisema. "Haimbani."

"Atakua."

"Atakua, ndiyo, lakini leo si bado kilo moja na nusu? Nikiinama si atateremka?"

Fundi alihisi masikio yanapata moto. Chumba kizima kilikuwa kinasikiliza, na Mama Pacha alikuwa ameacha kunywa chai yake. "Wewe unajua mikate," alisema, sauti haikupanda hata kidogo. "Nguo niachie mimi."

Tanuri alimtazama muda mfupi. Alikuwa na jibu, lilionekana limefika kwenye meno. Akalimeza. "Haya, fundi ni wewe," alisema, akajilaza kwenye mito yake akiwa ameshikilia mtoto kwa kiganja juu ya kitambaa.

Ilikuwa mchana, saa ile ya joto ambayo chumba kizima husinzia. Tanuri alisinzia na kiganja kikalegea. Fundi alikuwa macho kwenye kiti chake, na aliona, na kwanza hakuelewa anachokiona: kofia ya sufu ilikuwa inashuka taratibu ndani ya kimfuko, kama kifungo kinachopita tundu kubwa. Alifikiri ni Tanuri amesogea. Aliposimama na kufungua vifungo vile vinne, vidole vinateleza, mtoto alikuwa amejikunja chini, kidevu kimegandamana na kifua, na midomo yake ilikuwa na rangi ya zile sare za buluu.

Hakumbuki alipiga kelele gani. Sista alifika, akamnyanyua mtoto, akamnyoosha shingo, akamsugua mgongo, akampiga piga nyayo kwa kidole. Moja. Mbili. Mtoto akavuta hewa kwa sauti, akalia, na chumba kizima kikapumua pamoja naye.

Sista alikuwa ameshika ile mbeleko, anaikagua.

"Nani ameleta kitu hiki?" Alikuwa anamtazama Tanuri, maana Tanuri ndiye aliyekuwa ameivaa. "Nilikufundisha mimi mwenyewe. Ikilegea, shingo inakunjika, hewa inakatika. Wewe wa kuja na mapambo kwa mtoto wa gramu hizi?"

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa ndefu, Fundi aliikumbuka baadaye, ilikuwa ndefu ya kutosha mtu kusema maneno matatu. Tanuri alimtazama wifi yake, usoni hakuna hasira, kuna kusubiri tu. Fundi akatazama sakafu.

"Nilisinzia, Sista," Tanuri alisema. "Kosa langu."

Sista akasema kuanzia leo mtoto atabebwa na mama yake peke yake, mama ameshapata nafuu, na shangazi akapumzike nyumbani. Tanuri hakubishana. Alitia kitana, kikombe na ndala kwenye mfuko wa plastiki. Aliwaaga watoto wa chumba kimoja kimoja, kama kawaida yake, kwa kuwatajia gramu zao. Kwa Fundi alisema jambo moja: "Kwikwi ikimshika, mgeuzie kichwa kulia." Akaondoka na mgongo wake mpana, na kitanda kikawa kikubwa ghafla.

Basi Fundi alikuwa amepata alichokitaka. Mtoto wake, kifua chake, kitanda chake. Sista alimwita mama wa namba tano na hakuwa na mwingine wa kumwita hivyo. Na badala ya roho kutulia, wivu ulizidi, maana sasa alimwonea Tanuri wivu hata kwa ile lawama. Hata katika kulaumiwa amenishinda, alijisemea. Amelibeba kosa langu kama anavyobeba mwanangu, bila kutetereka, na mimi sijui kubeba kimoja wala kingine.

Alimbeba mtoto mchana na usiku. Alimfunga kwa lile gauni kuukuu, lililokuwa limekauka, na akalikaza mpaka yeye mwenyewe akapumua kwa shida. Hakulala akihofia kusinzia. Kidonda kilimvuta. Vidole vyake vilibaki baridi hata alipovitia kwenye maji ya moto. Mizani ilisoma elfu moja mia tano na kumi, kisha mia nne na tisini. Siku ya pili, mama mkwe alipanda ngazi kwa magoti yake yale, akakaa kwenye kiti akihema, akamsema binti yake mwenyewe. Alisema Tanuri tangu utotoni hana utulivu, anajua nini kuhusu watoto, mtu ambaye hajawahi hata kuchelewa siku zake. Alidhani anamfariji mkwe wake.

Fundi hakumeza wala hakutema. Aliona tu Mama Pacha akigeukia upande wa pili, akiwapa kisogo.

Asubuhi ya tatu kichwa kilimgonga tena, na vimulimuli vikarudi mbele ya macho. Safari hii hakuvisingizia uzi. Alimpeleka mtoto kwenye mizani, na wanawake wote wakiwa kwenye mstari nyuma yake na watoto wao. Mia nne sitini na tano. Uso wa Sista ulisema kabla ya mdomo wake.

"Anatumia nguvu kujipasha joto," Sista alisema. "Na wewe hebu nione macho. Umelala lini?"

"Ile mbeleko niliishona mimi," Fundi alisema.

Sista hakuelewa. Ikabidi arudie, na mara ya pili ilitoka kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia, kila mtu kwenye mstari akasikia. Alisema aliishona yeye, wifi alimwambia haibani, yeye akamfunga mdomo mbele za watu. Alisema wifi alipolaumiwa alinyamaza makusudi, kwa sababu alitaka aondoke. Alipofika hapo sauti ilikatika, akashika meza ya mizani.

Nyuma yake Mama Pacha alisema taratibu, "Afadhali umesema wewe. Leo ningesema mimi."

Sista alivua miwani, akaifuta kwa koti, akaivaa. Hakumfokea. Alimpima presha kwanza, akakunja midomo, akampa dawa, akamwambia akalale chali. Kisha akamwambia achukue simu ampigie shangazi, ampigie yeye mwenyewe, si kwa kumtuma mtu.

Kiwandani simu ilipokelewa na msimamizi katikati ya kelele za mashine, na ilichukua muda mrefu Tanuri kufika. Fundi aliongea haraka, asije akarudi nyuma. Alimwambia amekiri kwa Sista, mtoto anapungua, na presha yake imepanda. Upande wa pili palikuwa na mlio wa trei tu. Mwishowe Tanuri akauliza imesoma ngapi leo asubuhi. Alipoambiwa, alikata simu.

Alifika kabla ya saa sita, unga umemganda viwikoni. Alinawa mikono na kifua kwenye sinki kama walivyofundishwa, hakumsalimia mtu, akapanda kitandani. Mtoto alipowekwa alihangaika kidogo, akasugua pua, akatulia. Tanuri alifumba macho. Fundi alikuwa amelala kwenye godoro dogo walilomwekea pembeni, usawa wa chini, anawatazama kutoka huko, na kile kitu kifuani hakikuwa kimeondoka. Kilikuwa pale pale, kinachoma vile vile, kana kwamba hakijasikia habari za kukiri.

"Wifi," alisema, "nakuonea wivu mpaka naumwa."

"Najua." Tanuri hakufungua macho. "Siku ile unashona umenipa mgongo, nilijua hushoni mbeleko, unashona uzio."

"Sasa kwa nini ulinifunika kwa Sista?"

Mkono wa Tanuri ulipanda na kushuka juu ya mgongo wa mtoto.

"Kwa sababu na mimi siko safi," alisema. "Kile kikombe chako kikija kutoka jengo la pili, nilikuwa nakichukia. Nimembeba wiki nzima, nimemzoea kila kitu, halafu akiona njaa ananitafuta. Anazungusha kichwa hivi, anafungua mdomo, ananinyonya hata mfupa wa bega. Hapati kitu. Anasubiri kikombe chako. Siku moja nilikichelewesha, wifi. Niliweka pembeni robo saa nzima, nione kama atanikubali hivi hivi bila hicho." Akafungua macho, akatazama dari. "Alilia tu. Basi Sista alipouliza nani kaleta mfuko wako, nilisema acha tulingane."

Fundi alihesabu kichwani ile robo saa, mwanawe akilia, na alitaka kukasirika, na hasira ilikuja ndogo kuliko alivyoitegemea.

Mtoto akaamka. Alifanya kama alivyoelezwa: akazungusha kichwa, akafungua mdomo, akatafuta kwenye kifua kipana chenye joto, kushoto, kulia, akashika ngozi, akaiachia, akaanza kukunja uso. Tanuri alifungua kitambaa mwenyewe. Sista alikuwa amesema mtoto ameanza kujua kunyonya, sasa ajaribiwe kwenye titi kabla ya kikombe, basi Fundi aliinuka polepole, ameshika kidonda, akakaa kwenye ukingo wa kitanda na kufungua vifungo vyake.

Mtoto alipita kutoka mikono ya moto kwenda mikono ya baridi. Akashtuka kidogo. Akatafuta mara moja, akapata, akaanza kuvuta, dhaifu lakini kwa bidii, akipumzika kila baada ya mivuto mitatu.

Fundi alinyanyua macho. Wifi yake alikuwa anawatazama, blauzi bado wazi, kifua chekundu pale shavu la mtoto lilipokuwa, na usoni mwake palikuwa na kitu ambacho Fundi angekitambua hata gizani, kwa kuwa alikuwa ameishi nacho kwa wiki nzima. Fundi alikuwa na uwezo wa kugeuka, kumpa wifi mgongo, akanyonyesha akitazama ukuta. Badala yake alijisogeza nyuma mpaka bega lake likagusa mkono wa Tanuri, akaegemea hapo.

"Shika mguu wake," alisema. "Mguu umetoka nje, umepoa."

Tanuri akaushika.